Nalipaka wingu, mvua siioni: bili ya seva inaendaka wapi?

Mwenye malori mmoja wa hapa Lubumbashi alinikabidhi simu yake nimsomee barua pepe. Ilikuwa bili ya mwezi ya seva zake, kompyuta za kukodi kupitia intaneti ambazo watu huziita wingu: mistari mingi, kila mmoja na jina la huduma ambayo hakumbuki kuiagiza, na chini kabisa jumla kwa dola. "Nalipaka wingu kila mwezi," akasema, "lakini mvua siioni. Hii feza inaendaka wapi?"

Swali hilo huulizwa mara chache mno. Kwa kawaida bili ikipanda bosi anapiga kelele, fundi anachagua mashine ndogo zaidi, bili inashuka, na wiki mbili baadaye wateja wanalalamika kwamba programu inazunguka tu. Mashine kubwa inarudishwa, na nyingine inaongezwa juu yake kwa ajili ya kutuliza hofu. Kumbe katika bili ile ile zilikuwemo pesa ambazo hazikununua kasi hata chembe. Hizo ndizo zilizopaswa kuondoka kwanza, na kuzitofautisha na zile zinazonunua kasi ndiyo kazi yenyewe.

Programu ya papa huyu, yaani huyu mwenye malori, si ya ajabu. Dereva akiwa Kasumbalesa, pale mpakani, anapiga picha hati za forodha na kuzituma. Mteja anafungua ukurasa kuona mzigo wake umefika wapi. Ofisi inatoa ankara, au fakturi kama tunavyosema hapa, nyingi zikiwa za mwisho wa mwezi. Nitamtumia yeye kama mfano, ingawa tarakimu za matumizi yake nimezitunga ili hesabu ieleweke. Bei ni zile ambazo AWS, tawi la Amazon linalokodisha seva, imezitangaza kwa kituo chake cha Virginia, Marekani, isipokuwa nikisema vingine.

Unalipia kushika

Agosti 2006 Amazon ilianza kukodisha seva kwa saa, senti 10 za dola kwa mashine ndogo. Tangu Oktoba 2017 mashine zake nyingi za Linux huhesabiwa kwa sekunde. Watu walisikia "unalipia unachotumia" wakaelewa kwamba mashine isiyo na kazi hailipiwi, na mkanganyiko ukaanzia hapo. Kwa lugha ya bili, kutumia ni kushika. Papa alilielewa hili kabla sijamaliza sentensi: lori la kukodi likilala siku tano kwenye foleni ya mpakani, mwenye lori anahesabu siku tano, wala haulizi kama magurudumu yalizunguka.

Ukiisoma bili kwa jicho hilo, mistari yake yote inaingia katika mafungu manne. Kuna muda wa mashine ulizoshika. Kuna nafasi ya diski na hifadhi. Kuna data iliyosafiri, hasa inayotoka kwenda kwa wateja. Halafu kuna vihuduma vinavyohesabu kila ombi au kila gigabaiti. Fungu la kwanza ndilo linalotazamwa na kila mtu. Hayo mengine hukua kimya kimya.

Vilivyolala

Tulianza na seva ya majaribio, ile ambayo vijana wake wawili huitumia kujaribu mambo mapya kabla ya kuyapeleka kwa wateja. Wiki ina saa 168. Vijana wanafanya kazi saa kumi kwa siku, siku tano, yaani saa 50. "Kwa nini ile mashini inalipwaka usiku?" papa akauliza, na sikuwa na jibu la kumpa. Ikizimwa kwa ratiba usiku na mwisho wa wiki, asilimia 70 ya muda wake inatoka kwenye bili na hakuna mteja hata mmoja atakayejua.

Kuna mitego miwili hapo. Diski ya mashine iliyozimwa huendelea kulipiwa, kwa sababu nafasi umeishika bado. Na hifadhidata ya RDS, ile ambayo AWS inakukodisha na kukutunzia, uliyoisimamisha hujiwasha yenyewe baada ya siku saba. Ukiizima kwa mkono kabla ya Noeli ukasahau, Mwaka Mpya utaikuta macho. Ratiba ya kila siku ndiyo dawa.

Baada ya hapo tukatafuta mayatima: diski zilizobaki baada ya mashine zake kufutwa, nakala za diski za mwaka juzi, anwani za IP (namba zinazotambulisha mashine kwenye mtandao) zisizo na mwenyewe. Tangu 1 Februari 2024 kila anwani ya umma ya IPv4 hutozwa dola 0.005 kwa saa, iwe inafanya kazi au haifanyi, sawa na dola 3.65 kwa mwezi. Ni kidogo, mpaka ukute unazo kumi na nne.

Kilichonishangaza zaidi ni lango la NAT, mlango ambao seva zilizofichwa hupitia kutoka nje. Linatoza dola 0.045 kwa saa, karibu dola 33 kwa mwezi kabla halijapitisha kitu, kisha dola 0.045 kwa kila gigabaiti inayopita. Mwongozo aliofuata kijana wa kwanza ulimwambia aweke malango matatu, moja katika kila jengo la seva. Kwa benki kubwa sawa; kwa malori thelathini ni kuweka walinzi watatu kwenye choo. Zaidi ya hapo, picha zote za hati zilikuwa zinapita kwenye lango hilo kwenda S3, hifadhi ya faili ya AWS, wakati AWS ina mlango wa pembeni wa S3 usiotozwa chochote. Mipangilio michache, na mstari mzima ukakauka.

Yapo pia mabadiliko yanayopunguza bei na kuongeza kasi kwa wakati mmoja, na kwa kweli hayo sijui kwa nini watu huyaahirisha. Diski ya aina ya gp2 hutozwa dola 0.10 kwa gigabaiti kwa mwezi. Gp3, iliyotoka Desemba 2020, ni dola 0.08. Diski ya gigabaiti 500 inashuka kutoka dola 50 hadi 40. Kwa ukubwa huo gp2 ina uwezo wa kudumu wa kusoma na kuandika mara 1,500 kwa sekunde, gp3 inaanzia 3,000. Kubadili hufanyika mashine ikiendelea na kazi. Vivyo hivyo prosesa za muundo wa ARM ambazo Amazon huzibuni yenyewe: t3.medium ya Intel ni dola 0.0416 kwa saa, na ndugu yake wa ARM, t4g.medium, ni dola 0.0336. Programu ya PHP, Python au Java mara nyingi huhamia bila kubadilishwa mstari. Kama ndani yake kuna maktaba (kipande cha programu kilichoandikwa na wengine) iliyotengenezwa kwa Intel pekee, jaribu kwanza kwenye ile seva ya majaribio.

Na logi, yaani maandishi ambayo programu hujiandikia ya kila inachofanya. Kijana mmoja aliwahi kuwasha uandishi wa kina ili kutafuta kosa, akalipata, akasahau kuuzima. Programu inayomwaga gigabaiti 10 za logi kwa siku kwenye CloudWatch, huduma ya AWS ya kuzitunza, hulipa nusu dola kwa kila gigabaiti inayoingia: dola 150 kwa mwezi kwa maandishi ambayo hakuna anayeyasoma. Kama hukuweka muda wa kuyafuta, hayafutwi kamwe. Huo ndio mpangilio wa mwanzo.

Kibanda cha soko la Kenya

Mpaka hapo hatujagusa chochote ambacho mteja anakihisi. Sasa tunafika kwenye mashine zenyewe, na hapa ndipo wengi hukata kidole wakidhani ni ukucha.

Mtu anafungua vipimo, anaona prosesa inashughulika asilimia 30 kwa wastani, anasema: asilimia 70 ni hasara, tuchukue mashine ya theluthi. Kwenye karatasi hesabu imekaa sawa. Kwenye foleni haikai.

Chukua kibanda cha mobile money kando ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Wakala ni mmoja, na kila mteja humchukua dakika moja hivi. Kama wateja wangekuja kwa zamu, mmoja kila dakika, wakala angefanya kazi bila kupumzika na hakuna ambaye angengoja. Lakini watu hawaji hivyo. Wanakuja watatu kwa pamoja, halafu dakika mbili hakuna mtu, halafu mama mmoja mwenye simu tatu. Dakika zile tupu haziwezi kuwekwa akiba zikawahudumie watakaokuja baadaye.

Kwa foleni rahisi ya namna hiyo, mhudumu mmoja na wateja wanaokuja kiholela, kanuni ni fupi: chukua muda wa huduma, ugawanye kwa sehemu ya muda ambayo mhudumu yuko huru. Wakala akishughulika nusu ya muda, mteja anakaa pale dakika 2 kwa jumla, kungoja pamoja na kuhudumiwa. Akishughulika asilimia 80, dakika 5. Asilimia 90, dakika 10. Asilimia 95, dakika 20. Huduma ni ile ile ya dakika moja.

Weka seva mahali pa wakala na milisekunde 100 mahali pa dakika. Kutoka asilimia 50 hadi 80, jibu linatoka milisekunde 200 hadi 500. Mteja anaweza kuvumilia. Kutoka 90 hadi 95 pesa unazookoa hazinunui hata kilo ya unga wa bukari, lakini muda wa kungoja umezidishwa mara mbili. Seva halisi ina prosesa kadhaa, kwa hiyo namba zake ni za huruma kidogo, ila umbo la mlima ni hilo hilo: tambarare muda mrefu, kisha ukuta.

Kwa sababu hiyo sehemu iliyo huru ina kazi yake. Ni kama nafasi unayoiacha mbele ya lori ili uweze kufunga breki. Swali la kujiuliza ni ipi imezidi. Mimi hutazama saa mbaya kuliko zote za mwezi, wala sijali wastani wa siku. Kwa papa ni asubuhi ya siku za mwisho wa mwezi, wateja wanapofungua ukurasa na ofisi ikitoa fakturi kwa wakati huo huo. Kama katika saa hiyo mashine inafika asilimia 50 au 60, naiacha ilivyo. Kama inafika 15, napunguza ukubwa bila kuomba ruhusa. Wenzangu wengine wanakubali hadi 70. Wana mashine nyingi na usingizi mzuri kuliko wangu.

Wastani unadanganya na upande wa mteja pia. Tuseme maombi 95 kati ya 100 yanajibiwa kwa sekunde 0.2, na matano yanachukua sekunde 6 kila moja. Wastani ni sekunde 0.49, namba ya kupendeza kwenye ripoti. Wale watano hawaioni hiyo namba. Wanachokiona ni ukurasa mweupe, na mmoja wao huenda ndiye mteja mwenye shaba nyingi. Kabla ya kukata chochote, andika muda ambao maombi 95 kati ya 100 hayauvuki, na mwingine wa maombi 99. Baada ya kukata, pima tena. Zikipanda, rudisha. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati, vinginevyo hutajua ni kipi kilichokuuma.

Mtego wa mwisho wa sehemu hii ni mashine za familia ya t3, ambazo karibu kila biashara ndogo huanza nazo kwa sababu ni rahisi. Zinafanya kazi kwa akiba. t3.medium ina prosesa mbili, na uwezo wake wa kudumu ni asilimia 20 ya kila moja. Huingiza pointi 24 kwa saa, na ikifanya kazi chini ya hapo zinazobaki hugeuka akiba, hadi 576. Pointi moja ni dakika moja ya prosesa moja kwa nguvu zote. Sasa siku ya fakturi inafika na prosesa zote mbili zinakimbia mfululizo: zinakula pointi 120 kwa saa na kuingiza 24. Zile 576 zinaisha baada ya saa sita. Kuanzia hapo, katika mpangilio unaoitwa "standard", mashine inarudi kwenye asilimia 20 na ofisi nzima inaamini mtandao umeharibika. Katika mpangilio mwingine, ambao t3 huja nao tangu mwanzo, haipungui kasi ila inakuandikia deni la dola 0.05 kwa kila saa ya prosesa. Kwa hiyo mashine ya bei nafuu inakuwa ya polepole au inakuwa ghali, na yote mawili hutokea siku ambayo ulikuwa unaihitaji.

Umbali una bei yake

Mwanga ndani ya waya wa fibre husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Ina maana kila kilomita 100 za umbali hugharimu walau milisekunde moja kwenda na kurudi, na hakuna pesa ya kubadilisha hilo. Kwa mstari ulionyooka, kutoka hapa hadi Johannesburg ni kama kilomita 1,600, hadi Cape Town 2,600, hadi Virginia 12,000. Microsoft ina kituo Johannesburg tangu 2019, Amazon iko Cape Town tangu 2020, na Google ilifungua Johannesburg mwaka 2024.

Virginia ndiyo rahisi. Mashine ile ile ya t3 ikiwa Cape Town ni ghali kwa takriban asilimia 30, na data inayotoka ni dola 0.154 kwa gigabaiti badala ya 0.09. Rahisi ghali, wahenga walisema, lakini hapa inategemea. Kufungua ukurasa wenye usalama kunahitaji safari tatu kabla ya herufi ya kwanza kufika: kusalimiana, kupeana funguo, kisha kuomba. Safari tatu za Virginia haziwezi kupungua milisekunde 360. Za Cape Town zinaweza kukaribia 80. Kwa ukurasa wa mteja, nusu ya tofauti hiyo inahisiwa na kidole. Kwa kazi ya usiku ya kutengeneza ripoti haina maana yoyote, kwa hiyo hiyo iende panapouzwa rahisi.

Lakini usiamini ramani. Pakiti ya data kutoka kwenye simu iliyo Ruashi, hapa mjini, inaweza kupanda hadi Ulaya kabla ya kushuka Afrika Kusini, kutegemea mitandao imeunganishwa wapi. Pima kutoka kwenye laini za Vodacom, Airtel na Orange, ukiwa Katuba au pale Kasumbalesa penyewe, kwenye simu ya bei ya chini. Kipimo cha fibre ya ofisi kinakwambia habari za ofisi.

Ipo pia njia ya kati: seva ibaki mbali, picha na faili zisizobadilika ziwekwe kwenye mtandao wa usambazaji, ambao huhifadhi nakala karibu na wateja. CloudFront ya Amazon ina vituo Johannesburg, Cape Town na Nairobi, na terabaiti moja ya kwanza kila mwezi haitozwi. Kusalimiana kunaishia karibu. Ni ombi lenyewe tu linalosafiri mbali, tena pale tu panapokuwa na jambo jipya la kuuliza.

Mzigo mwepesi

Ukurasa wa papa ulikuwa na megabaiti 3, karibu zote picha ya lori jekundu ambayo mtengenezaji aliipenda. Ukifunguliwa mara 100,000 kwa mwezi ni gigabaiti 300. Mia ya kwanza haitozwi. Mia mbili zilizobaki, kwa bei ya Cape Town, ni karibu dola 31. Picha ikibanwa kwa WebP na maandishi yakibanwa kwa Brotli, ukurasa unashuka hadi megabaiti 0.6, jumla inakuwa gigabaiti 60, na mstari huo unasoma sifuri. Ila nilichokipenda zaidi si hizo dola. Mteja naye ananunua mega zake, na kila alipotazama lori jekundu alilipa tatu.

Hifadhidata ndiyo mashine ghali kuliko zote katika mifumo mingi, na mara nyingi ukubwa wake umefidia uvivu. Jedwali la mahali malori yalipopita lina mistari milioni mbili. Bila faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia, swali "lori hili liko wapi" linaifanya mashine isome mistari yote milioni mbili, kila mara. Ikiwepo faharasa, ulinganisho kama ishirini na moja hivi unatosha, kwa sababu kila hatua hukata nusu ya kilichobaki. Mstari mmoja wa amri, na hifadhidata iliyokuwa inahema inaweza kushushwa saizi. Faharasa inachukua nafasi na kuchelewesha kidogo uandishi, kwa hiyo usiziweke kila safu; weka pale ambapo orodha ya maswali ya polepole inakuonyesha.

Kisha kashe. Wateja mia mbili wakiuliza mahali pa lori ndani ya dakika moja, jibu ni lile lile. Lishike kwenye kumbukumbu kwa sekunde 60, na maswali 200 yanakuwa moja. Andika tu kwenye ukurasa saa ambayo taarifa ilichukuliwa, ili mtu asidhani lori limesimama.

Ahadi, na umeme wa kukatika

Baada ya kusafisha, ndipo punguzo. Ukiahidi matumizi ya mwaka mmoja au mitatu kupitia Savings Plans, mpango wa punguzo wa AWS, bei inaweza kupungua kwa hadi asilimia 72. Kinachoshangaza ni watu wanaoahidi kabla ya kusafisha: wamesaini kulipia uchafu mwaka mzima, kama mpangaji aliyetoa garanti ya nyumba ya vyumba saba huku akilala kimoja. Ahidi sakafu tu, matumizi ambayo hayashuki hata Jumapili usiku. Yanayozidi hapo yabaki huru.

Upande wa pili kuna Spot, mashine za Amazon ambazo hazina mteja kwa sasa, kwa punguzo linaloweza kufika asilimia 90. Inaweza kukunyang'anya wakati wowote. Nilimweleza papa kwamba ni sawa na umeme wa mtaani, isipokuwa Spot hukuarifu dakika mbili kabla. Alicheka sana. Ukurasa wa wateja hauwekwi hapo. Kutengeneza fakturi elfu mbili usiku kunaweza kuwekwa, mradi programu iandike imefika ya ngapi, ili ikikatwa ianzie hapo.

Huulizwa pia kama ni bora kuhama kabisa. Mifano ipo: 37signals, kampuni yenye programu ya Basecamp, ilitangaza Oktoba 2022 kwamba inatoka kwenye wingu, bili yake ya mwaka huo ikiwa dola milioni 3.2. Mwaka 2023 kikundi kimoja cha Prime Video, ndani ya Amazon yenyewe, kilieleza kwamba kimepunguza gharama za chombo chake cha kukagua ubora wa video kwa zaidi ya asilimia 90 baada ya kukusanya vipande vidogo vingi kuwa programu moja. Wa kwanza wana wahandisi wa kutunza seva zao. Wa pili hawakuhama. Walipunguza safari za data kati ya vipande. Papa akiweka seva ofisini kwake atalipa jenereta, mazuti, betri, laini mbili za intaneti na mtu wa kuamka usiku. Seva ya kukodi kwa bei moja ya mwezi, yenye terabaiti kadhaa za data ndani ya bei, ingemfaa kuliko hiyo, na nilimwambia hivyo ingawa ilikuwa inanipunguzia kazi.

Nakala za zamani

Nakala rudufu sizikati, lakini nazihamisha. Nchi yetu imo tangu 2012 ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, na sheria yake ya uhasibu inataka hati zitunzwe miaka kumi. Picha za hati za miaka hiyo, tuseme gigabaiti 300, kwenye hifadhi ya kawaida ya S3 ni karibu dola 7 kwa mwezi. Kwenye Glacier Deep Archive, ghala la AWS la vitu visivyofunguliwa mara kwa mara, ni senti 30. Ila kila faili linalohamishwa hutozwa, dola 0.05 kwa faili 1,000. Picha ndogo milioni moja ni dola 50 siku ya kuhama, na itachukua zaidi ya miezi saba akiba yako kufidia dola hizo. Tulizifunga kwanza, faili moja kwa kila mwezi wa kazi, ndipo tukazipeleka. Zikae huko walau siku 180, kwa sababu ukizifuta mapema unalipia siku zilizobaki.

Kuzirudisha kwa njia ya kawaida kunaweza kuchukua hadi saa 12. Picha za mwezi huu kwa hiyo zinabaki kwenye hifadhi ya kawaida. Ofisa wa forodha akimwomba dereva hati, hatangoja hadi kesho. Papa alifikiri kidogo, akauliza kama hizo saa 12 nazo zinalipiwaka. Saa hazilipiwi, nikamjibu, ila kutoa kunalipiwa: senti 2 kwa gigabaiti.